Jongoo wa Sekta ya Tisa

Tuliomba matimba, tukaletewa kompyuta. Nalisema kama lilivyokuwa, maana kuna watu wakinisikia husema Mwaisha anatia chumvi. Chumvi naitia kwenye maharage. Hili halikuhitaji.

Mimi ni mama ntilie wa rashi ya Mwasabuka, machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, kule porini ukitoka Kahama kwenda Geita. Kwetu ni Shinyanga mjini, baba Mmanyema, mama Msumbwa, na machimboni nilifika kwa sababu moja tu: mwanangu Abdulhalim alikataa duka la marehemu baba yake, akasema yeye anataka kuishika dhahabu ingali moto kutoka ardhini. Nani kamwambia dhahabu hutoka moto, sijui. Nikasema haya, wewe ukiingia shimoni, mimi nitakaa juu na sufuria zangu, ili siku usipotoka niwe wa kwanza kujua. Ndivyo nilivyofungua genge. Ana ndevu sasa, ana sauti nzito, lakini nikimwona anashika ile kamba ya kushukia tumbo linanikata kama siku niliyomzaa.

Na kilichonikata zaidi ni matimba. Duara, yaani shimo la wachimbaji, linashuka wima kama kisima, halafu linakunja kuufuata mkanda wa dhahabu. Kuta zinazuiwa na magogo. Magogo hayo ndiyo matimba. Yakioza, ardhi inarudi mahali pake, haimuulizi mtu. Eneo letu lote kamati ililigawa vipande tisa, wakaviita sekta, kutoka Sekta ya Kwanza mpaka Sekta ya Tisa. Abdulhalim alikuwa Sekta ya Tisa, ambako matimba yalikuwa yameoza mpaka ukiyabonyeza kwa kidole yanatoa maji. Wala huwezi kwenda kujikatia magogo yako, kwa sababu msitu una mwenyewe na kibali kinapewa kamati. Kwa hiyo kila duara lilichanga, na mchango ukashikwa na katibu wa kamati, Deusdedit, kijana wa tai na viatu vya kuchongoka, anayevaa koti kwenye jua linalopasua midomo ya ng'ombe.

Nilimsumbua huyo Deusdedit, Mungu anajua. Akija kunywa chai, namwambia matimba. Akija kula wali, matimba. Akiniomba pilipili, nampa pilipili na matimba. Yeye hujibu, "Mama Abdulhalim, mchakato unaendelea." Basi siku moja akaaga kwamba anakwenda Shinyanga kufuatilia, na aliporudi alikuwa amekaa mbele kwenye Fuso, na sisi wote tukakimbia kuipokea hiyo Fuso kwa vigelegele. Nyuma hakukuwa na hata kijiti cha kuchokonolea meno. Kulikuwa na sanduku moja limefunikwa turubai.

"Katibu, matimba yako wapi?" nikamuuliza.

"Mama, matimba ni teknolojia ya zamani," akasema, akavuta turubai.

Wallahi, alichokifunua kilikuwa kikubwa kwake kwa umri. Kompyuta ya enzi za babu, kubwa kama banda la kuku, yenye kioo cha maandishi ya kijani na midomo miwili ya kumezea zile diski za zamani, nyeusi, za mraba, laini, ambazo ukizishika vibaya zinakunjika kama chapati ya jana. Aliinunua mnadani, kwenye mali chakavu za kampuni ya pamba iliyokwisha kufa. Kwa mchango wa matimba!

Deusdedit akapanda juu ya ndoo akaanza kutuelimisha. Alikuwa na cheti cha kompyuta cha wiki kadhaa kutoka Kahama, na mtu mwenye cheti kidogo usimwombe aeleze jambo, atakufia akiwa bado anaeleza. "Diski hubeba taarifa," akasema. "Mwamba nao una taarifa. Taarifa za mwamba ziko wapi? Ziko kwenye unga wake. Tunachukua unga wa mawe kutoka kwenye karasha la kusagia, tunaupaka kwenye diski, mashine inasoma. Itatuambia wapi pazuri na wapi pabaya. Hatutachimba tena kama vipofu."

Watu wakapiga makofi. Nikazungusha macho nimtafute hata mmoja wa kucheka naye. Aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa Maduhu, msimamizi wa duara la mwanangu, Msukuma mrefu wa kuinama kila mlango, mtu ninayemheshimu kwa akili zake siku zote isipokuwa ile.

"Mayu," akaniambia, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, "hii si lamli. Hii ni sayansi."

Wakawasha jenereta. Deusdedit akapaka unga wa mawe kwenye diski kwa adabu zote, kama anampaka mtoto poda, akaitia mdomoni mwa mashine. Mashine ikaguna. Krrr, krrr, tek-tek-tek, krrr. Mtu yeyote mwenye akili timamu angejua kwamba kitu kimetiwa mchanga kooni kinalalamika. Wao walikuwa wamevua kofia. Kisha maandishi ya kijani yakaanza kuteremka kwa Kizungu, na Deusdedit akawa anatafsiri mstari kwa mstari.

"Sekta ya kwanza, nzuri. Sekta ya pili, nzuri. Sekta ya tatu, nzuri..."

Nikasikia nywele zinanisimama chini ya mtandio. Nilikuwa nimekuja kucheka, lakini mashine ya watu ilikuwa inahesabu sekta zetu!

"Sekta ya nane, nzuri. Sekta ya tisa..." Deusdedit akasogea karibu na kioo. "Mbovu."

Wakarudia. Tisa mbovu. Wakabadilisha unga, wakatia wa Sekta ya Pili. Tisa mbovu. Wakaja na wa Sekta ya Tano. Tisa mbovu. Hapo aliyekuwa na shaka akaiondoa, maana shahidi akisema neno lile lile mara zote, mahakama gani itamkatalia? Hakuna aliyejiuliza unga wa Sekta ya Pili umejuaje habari za ya Tisa. Niliuliza mimi, nikaambiwa nikaangalie maharage yasiungue.

Jioni ile ile watu wa Sekta ya Tisa wakatoka mashimoni mwao wakakunja kamba. Na mimi, nisemeje? Nilifurahi. Uongo ulikuwa uongo, lakini ulikuwa umemtoa mwanangu chini ya magogo yaliyooza, kazi ambayo ukweli wangu uliishindwa tangu mvua za mwaka jana. Nilimkaangia Deusdedit mayai, nikamwongezea na chapati ya bure. Akadhani nimeelimika.

Ila mwenye mwana ndiye mwenye mashaka. Mwasabuka kuna sheria: duara likikaa bila mtu kushuka, linarudi kwa kamati, na kamati inampa mwingine. Abdulhalim akaja gengeni kavimba kama mkate.

"Mama, watatunyang'anya."

"Nani atalitaka? Si mbovu?"

"Sasa ni mbovu. Tukishaondoka, utaona litakavyopona."

Nikamwambia aliache, atafute jingine penye magogo mazima, dunia pana. Akaniangalia kama nimemwambia akate mguu. Walikuwa wameshauona mkanda, akasema. Maduhu mwenyewe ameulamba. Hiyo ndiyo akili yao, wanalamba mawe halafu wanasema mimi ndiye sijui kitu. Akachukua simu akampigia mjomba wake, mdogo wangu Hatibu, aje awaumbue.

Huyu Hatibu inabidi nimweleze. Anatengeneza simu pale Shinyanga mjini, hiyo ndiyo kazi ya kumlisha. Maradhi yake ni kompyuta za zamani. Anazikusanya kutoka majalalani, maofisini, kwenye magodauni, mpaka chumba cha kulala kimejaa. Mkewe Zuhra alivumilia moja chini ya kitanda, akavumilia ya pili kwenye kabati. Siku alipoikuta ya tatu upande wake wa kitanda imefunikwa shuka yake, akafungasha akarudi kwao Songwa. Hatibu alilia, ni kweli, lakini shuka hakuitoa.

Akaja na bodaboda, begi kifuani kalikumbatia kama mtoto mchanga. Hakunisalimia. Dada yake mkubwa, niliyembeba mgongoni! Alipita moja kwa moja mpaka ofisi ya kamati, akasimama mbele ya mashine, macho yakamlowa.

"Mjomba, waambie," Abdulhalim akamvuta shati.

Akajitahidi, sikatai. Watu walikuwa wamejaa mpaka madirishani. Akawaambia diski yoyote ya namna hii imegawanywa vipande kama keki, na vipande hivyo huitwa sekta, na vya diski hii ni tisa. Sekta za diski, ndugu zangu, si za machimbo! Kamati yenu nayo iligawa tisa, ni bahati tu. Mngegawa kumi na mbili msingesumbuka. Watu wakamtazama. Kisha akaniomba unga wa sembe. Akaupaka kwenye diski, akaitia. Krrr, krrr, tek-tek-tek. Sekta ya tisa, mbovu.

"Mmeona?" Hatibu akashangilia. "Sembe! Sembe ina duara? Sembe ina mkanda?"

Kutoka dirishani sauti ikasema taratibu, "Kumbe ndiyo maana juzi nilihala nilipokula ugali wake."

Nikatukana tusi ambalo siwezi kulirudia hapa. Kuanzia siku ile nusu ya wateja wangu walihamia kwa Mama Nelly, anayepika wali na mawe yake humo humo. Mashine ilikuwa imesema unga wa Mama Abdulhalim mbovu, basi. Nenda kabishane na kioo cha kijani.

Ningemfukuza Hatibu papo hapo, lakini alikuwa ameshafungua mashine, na mtu akishafungua mashine hasikii. Ndani kulikuwa na vumbi la pamba la miaka thelathini. Akapuliza, akamulika, akashusha pumzi kama aliyeona Kaaba. "Dada, njoo umwone."

Alikuwa mdudu mweupe wa kauri, urefu wa kidole changu cha kati, mgongoni kabandikwa kifuniko cha dhahabu, na miguu arobaini ya chuma, ishirini kila ubavu, imezama kwenye soketi. Hatibu alimwita kontrola. Wachimbaji wakamwona miguu, wakamwita jongoo, na jina likashika. Walipoiona ile dhahabu ya mgongoni walisukumana, Maduhu ikabidi asimame mlangoni na sururu.

"Kile kichwa kinachosoma diski hakijui kitu," Hatibu akaeleza, na sasa alikuwa ameshasahau alikuja kufanya nini. "Kinapapasa tu. Huyu hapa ndiye nyapara wake. Ndiye anayekiambia sogea, simama, hapa ndipo sekta inapoanza, hapa soma. Hawa wa mwanzo mwanzo walikuwa na udhaifu. Wakizeeka wanapata joto, wakipata joto wanapoteza hesabu. Huyu anafika sekta ya nane salama, ya tisa anachoka, anasema mbovu. Si unga, si diski. Ni uzee tu, masikini."

Hapo ndipo mdogo wangu alitakiwa kufunga mashine, kusema asanteni, na kwenda zake. Mwongo alikuwa amekamatwa. Lakini Hatibu akafungua lile begi alilolikumbatia, akatoa sifongo nyeusi, na juu ya sifongo kalala jongoo mwingine, mpya, hajawahi kutumika, alimtunza tangu ujana wake akimsubiri mwenzake. Akamng'oa mzee, akamkita mpya, akafuta kile kichwa kwa spiriti, akatoa na diski safi isiyopakwa kitu.

"Hatibu," nikamwambia, "usitengeneze."

"Dada, haiwezi kuachwa inateseka."

Mashine ikasoma bila kuguna hata kidogo. Moja mpaka tisa, zote nzuri.

Jamani, kelele za pale! Sekta ya Tisa imepona! Wamemleta mganga wa mashine kutoka Shinyanga, kamng'oa mdudu mbaya, Tisa imepona! Walimnyanyua Hatibu juu, naye, mjinga wa watu, akawa anacheka. Nikapenya mpaka kwa Deusdedit, nikamshika tai.

"Sasa matimba."

"Ya nini, mama?" Uso wake uling'aa kwa imani. Nilidhani ni tapeli, na tapeli ningemweza. Kumbe alikuwa anaamini kabisa. "Mashine imesema Tisa nzuri. Nzuri ni nzuri. Tukileta matimba tutakuwa tunaidharau."

Asubuhi yake Abdulhalim akafunga kamba kiunoni. Nikamfuata mpaka mdomoni mwa duara, mahali wanawake hatusogei, maana wanasema tukisogea dhahabu inakimbia. Ikimbie! Maduhu akageuka pembeni ili asinione. Mwanangu nikamwambia wewe mwenyewe unajua ile mashine haijui kitu, mjomba wako kaeleza mbele yako, umesikia kwa masikio haya niliyokusafisha usaha ulipokuwa mdogo.

"Najua, mama," akasema. "Lakini wengine wote wanashuka. Nikibaki juu nitaonekana mwoga, na mgawo wangu watapewa wengine. Halafu, mama... imesema nzuri."

Akashuka. Nilibaki naisikiliza ile winchi inavyolia. Magogo ya juu yalikuwa yameota uyoga, na mchanga ulikuwa unachuruzika katikati yake kidogo kidogo, bila kukoma. Nikawaonyesha wavuta winchi. Wakaniambia ndivyo unavyofanya siku zote. Siku zote haukufanya hivyo, mimi naujua. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, akanielekeza kwa katibu. Nikaenda kwa katibu, amelala na koti lake. Nikaenda kwa Hatibu, nikamkuta anamfuta jongoo mzee kwa brashi ya meno. Nikasimama katikati ya rashi, mchana mweupe, nikaona kwamba pale Mwasabuka nina mdomo lakini sina neno. Neno lilikuwa na yule mdudu. Haya.

Jenereta lilikuwa limezimwa lipumzike. Mashine Hatibu aliiacha wazi ili watu waje kumtazama jongoo, na walikuwa wanakuja, wengine na watoto. Saa ile hapakuwa na mtu. Nilichukua kijiko changu cha chai, nikakipenyeza chini ya tumbo la jongoo, nikanyanyua upande huu, nikanyanyua upande ule, akatoka. Nikarudisha kifuniko cha mashine, nikamfunga mdudu kwenye pindo la kanga pamoja na chenji. Kisha nikaenda kumpigia Deusdedit mlango kama nyumba inaungua.

"Pima tena! Nimemwota marehemu baba Abdulhalim kasimama mdomoni mwa duara, anatikisa kichwa!"

Sikuota kitu. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa dukani, hata akifa hawezi kutembea mpaka Mwasabuka. Lakini ndoto huko kwetu ina heshima kuliko mwanamke aliye macho. Deusdedit akatoka na soksi, watu wakaanza kujaa, jenereta likawashwa. Ile programu ya kupimia imo tumboni mwa mashine yenyewe, kwa hiyo ikaamka kama kawaida, ikaanza kutafuta. Haikuguna. Haikuwa na wa kuiambia hata pa kugunia.

"Sekta ya kwanza..." Deusdedit akasoma, sauti ikakatika. "Mbovu."

Sekta ya Kwanza ndiko lilikokuwa duara lake yeye.

Hakusubiri ya pili. Tangu mvua za mwaka jana namwomba mtu huyu anyanyue mguu kwa ajili ya Tisa. Kwa ajili ya Kwanza aliruka meza! Alikimbilia lile reli bovu linalogongwa wakati wa hatari, akaligonga mpaka tai ikamzunguka mgongoni. Nyuma yake watu wakaendelea kusoma wenyewe: mbovu, mbovu, mbovu, mpaka tisa. Winchi zote zikaanza kulia kwa pamoja. Wakawa wanatoka, weupe kwa vumbi, wanauliza kuna nini, wanajibiwa mashine imekataa.

Mimi nilisimama Sekta ya Tisa. Akatoka mtu, si yeye. Akatoka mwingine, si yeye. Akatoka Maduhu, anakohoa. Nilisahau dua zote ninazozijua, nikabaki nasema "ya Rabi, ya Rabi" kama santuri iliyokwaruzika. Abdulhalim akatoka wa mwisho, kakasirika, akaniuliza kwa nini nalia mbele za watu.

Tulikuwa tumefika gengeni, nammiminia maji ya kunawa, ardhi ikashusha pumzi. Si kelele kubwa kama mnavyodhani. Sauti ya gunia lililodondoshwa ghalani, basi, halafu vumbi likapanda, na pale palipokuwa na winchi ya Tisa hapakuwa na winchi. Abdulhalim alibaki na mikono mbele, sabuni inamdondoka.

Sasa nani alishukuriwa? Msinijibu. Walimbeba Deusdedit mabegani, soksi zake zikiwa nyeusi. Walimchinjia mbuzi. Mashine wakaivisha kitenge! Maduhu, mtu mzima, alisimama mbele ya kile kioo akapiga kofi mara mbili akaishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana." Nami nikaitwa kupika hiyo nyama, maana kwa sherehe kubwa hivyo Mama Nelly hawakumwamini.

Lakini kila asubuhi walipoiuliza, mashine ilisema mbovu zote tisa, na hakuna aliyeshuka. Rashi ikalala njaa. Hatibu akachungulia ndani, akaona soketi tupu, akanijia jikoni kajikunyata.

"Dada, jongoo hayupo."

"Najua."

"Miguu yake... hukuipinda?"

Nikaweka mwiko chini. "Watu wa machimbo mazima wametoka na miguu yao, Hatibu, na wewe unaniuliza miguu ya jongoo?"

Nikamwambia atakachofanya: aende mbele ya kamati, aseme kwamba jongoo ameondoka mwenyewe, hakai penye magogo mabovu, na hatarudi mpaka kila duara liwe na matimba mapya juu mpaka chini. Akasema hawezi, huo ni uongo, yeye ni mtu wa utaalamu. Nikamfungua jongoo kutoka kwenye kanga, nikamshika juu ya jiko la mkaa kwa miguu miwili. Utaalamu ukamtoka hapo hapo. Alizungumza mbele ya kamati vizuri kuliko hata mimi, akaweka na machozi, na yale machozi yalikuwa ya kweli.

Watu wakachanga upya, na kabla ya Ijumaa zikaingia Fuso tatu za magogo. Kibali kilichokuwa kinafuatiliwa mwaka mzima kilipatikana asubuhi moja. Deusdedit alivua koti, mara ya kwanza naona mikono yake, akabeba gogo begani na wenzake, wanaimba wimbo wa kumsifu jongoo. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyeuliza ya nini. Walikuwa wananunua matimba kwa ajili ya mdudu.

Mchana Abdulhalim akaja kula, jasho linamtiririka, mabega yamechubuka. Akakaa, akatikisa kichwa kwa mshangao. "Mama, ile mashine ina akili," akasema. "Bila yenyewe leo ungekuwa unanisomea hitma."

Nilikuwa nimeshika sahani yake, ugali na sato. Hasira ilinipanda kutoka kwenye nyayo. Nikafungua pindo la kanga, nikamtoa jongoo na miguu yake arobaini, nikamkita katikati ya ugali, dhahabu juu, nikaisukuma sahani mbele yake.

"Msalimie," nikasema. "Si ndiye mama yako."

Akamtazama jongoo. Akanitazama mimi, nami nikaweka kando ya sahani kijiko cha chai nilichomng'olea. Niliona inavyomwingia, taratibu, kama maji kwenye udongo mgumu, mpaka ikafika. Asubuhi alikuwa ameshaniamkia, na mtu hamwamkii mama yake mara mbili kwa siku, lakini alitoka kwenye benchi, akapiga goti kwenye majivu mbele ya wateja wote.

"Shikamoo, mama."

Sikumwitikia mpaka alipomaliza kula.